Picha ya Kwa Nini

Habari ya kifo cha Masika ilinikuta jikoni nikimenya viazi. Aliyenipigia simu ni binamu yake wa hapa Butembo, mtu nisiyemfahamu, ambaye alikuwa amepewa namba yangu na mama mmoja tuliyejuana Beni zamani. Maneno yake yalikuwa machache: Masika aliugua Kasindi, mpakani na Uganda, akaletwa hospitali, hakupona, kilio kiko mtaa wa Mususa. Nikamjibu kwamba nimesikia. Kisha nikarudi kwenye viazi vyangu nikavimenya vyote, hata vya kesho yake, kwa kuwa nilijua nikiweka kisu chini nitaishiwa nguvu. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka. Ukifiwa na rafiki uliyempoteza zamani hujui ulie kiasi gani. Majirani wanakuuliza marehemu alikuwa nani wako, na wewe unababaika. Alikuwa nani wangu? Hatukuwa ndugu, hatukusoma pamoja, hata kusali hatukusali mahali pamoja, mimi Mkatoliki na yeye wa kwa Waprotestanti. Tulifanya kazi mwaka mmoja katika chumba cha mbao huko Beni, nami nilikuwa msichana niliyetoka chuoni na kichwa kikubwa kuliko kazi yoyote niliyoweza kuipata. Sasa mvi za kwanza zimeanza kunichungulia, na katika miaka yote niliyopewa, mwaka ule ndio ninaoutamani.

Chumba kilikuwa nyuma ya kanisa lao, mahali walipohifadhi viti vilivyovunjika. Pasta alivisogeza viti upande mmoja akatuambia kwamba kilichobaki ni chetu: meza, dirisha lisilofungika, na ukuta ambao mbao zake ziliachana kiasi cha kupitisha kidole. Juu ya bati kulikuwa na paneli ya sola iliyotuchajia simu jua likipenda. Chini ya dirisha Masika aliweka cherehani yake, kwa sababu hakuwa tayari kuacha ushonaji kwa ajili ya kazi ambayo hakuna aliyejua kama ni kazi. Ukutani tulipigilia kitambaa cha buluu, na mbele ya kitambaa hicho alisimama akifanya ishara, neno baada ya neno, nami nikampiga video kwa simu iliyofungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti kibovu. Mvua ya Beni ilipoanza kupiga bati, mimi na mwenzetu Kakule hatukusikizana tena hata tukipayuka. Masika, ambaye homa ilimchukulia masikio tangu akiwa mdogo, alitutazama kwa huruma ya kuigiza na kutuuliza kwa mikono kama tumeanza kuzoea. Nilipenda ile mvua. Hadi leo ikinyesha hapa Butembo ninatafuta uso wa mtu wa kunicheka.

Kakule ndiye aliyebuni mchezo. Tulimwita Ingénieur ingawa masomo yake yalikuwa hayajaisha, na yeye hakutusahihisha. Ulikuwa mchezo wa simu za kugusa usiohitaji intaneti. Masika anatokea kwenye kioo na kufanya ishara ya neno moja. Chini yake kuna picha tatu, tuseme mbuzi, chungu na mvua. Ukigusa picha ya neno hilo, kuku anapita akitaga yai. Kikapu kikijaa mayai unapanda daraja. Watoto viziwi wa darasa la jirani walitunyang'anya simu kila siku, lakini mchezo haukuwa wao. Ulikuwa wa mama zao, baba zao, kaka na dada zao, wote wenye masikio mazima na mikono mibubu. Mtoto kiziwi wa kwetu akibahatika kufika kwenye darasa la viziwi anapata lugha, halafu anarudi nyumbani likizo na kukuta watu wana maneno manne tu ya kumpa: njoo, kula, lala, acha.

Masika aliyajua hayo maneno manne kuliko sisi. Alikubali kupigwa video kwa sharti moja, na alinieleza sharti lenyewe mwanzoni kabisa, kabla sijajua kusoma mikono yake vizuri, kwa hiyo alilazimika kulirudia. Ninamtafsiri, maana mikono yake haikuwa na Kiswahili wala Kifaransa wala Kinande: "Mama yangu ananipenda. Ananilisha, ananivika, ananiagiza. Tangu masikio yangu yafe hajaniuliza swali hata moja. Nataka aniulize." Mama huyo aliishi Kamango, akilima mpunga na kakao, na simu ya kwanza yenye mchezo ilikuwa iende kwake. Niliona ni sharti jepesi. Nilifikiri swali ni neno kama maneno mengine, unaliweka kati ya mbuzi na chungu, basi.

Mchana tuliletewa chakula na mama mmoja wa kwaya: bugali na sombe ya majani ya muhogo, maharagi mara nyingi, na siku njema ndagala, samaki wadogo waliokaangwa mpaka wakavunjika mdomoni. Watu wanaozungumza kwa mikono wakila inabidi mazungumzo yasimame, lakini Masika alikuwa mtu wa kushoto. Kwetu mtoto wa kushoto hukemewa mpaka abadilike. Yeye walimkemea bure, hakusikia. Kwa hiyo alikula kwa mkono wa kulia na kusema kwa wa kushoto bila kupumzika, nami bugali wangu ukapoa nikimfuata. Ni kati ya tonge na tonge ndipo aliponipa jina. Viziwi hawana haja na jina langu la Kavira. Kavira tumejaa Butembo nzima, ukiita sokoni watageuka wanawake wa mstari mzima. Wao wanakutazama kwanza, kisha wanakupa jina la mkono, na huna ruhusa ya kujichagulia. Langu likawa kidole kinachobonyeza shavu, mahali kilipo kishimo changu cha kucheka. Tangu Masika aondoke hakuna aliyeniita hivyo, na jina likikosa mtu wa kuliita linakuwa kama nguo ya sikukuu iliyofungiwa sandukuni.

Upande wa pili wa ukuta kwaya ya kina mama ilifanya mazoezi, wimbo kidogo na umbeya mwingi. Masika alikuwa akinipiga teke chini ya meza: wanasema nini? Nikawa redio yake. Nilimtafsiria ndoa za watu, madeni ya watu, nani amenenepa na nani amekonda, na cherehani ilikuwa inasimama habari ikinoga. Siku moja walimgeukia yeye. Mmoja wao alisema, kwa huruma ya kweli na Kifaransa kidogo kama kawaida yetu, "Kale katoto kazuri vile, mais nani atakaoa? Mutoto wake akilia, atasikia na nini?" Mikono yangu ikasimama hewani. Masika akanitazama usoni, akapiga teke tena, nami nikamtafsiria kama nilivyosikia. Hakukasirika. Alichukua simu yenye mchezo, akazunguka mpaka kwao, akaketi katikati ya benchi na kumwekea simu mapajani yule aliyesema. Jioni haijafika, niliwasikia kupitia mbao wanawake wazima wakigombania kuku na mayai.

Tulipokwenda Butembo kuujaribu mchezo kwa familia za Mususa, ndipo kosa letu lilipoonekana. Tulipokewa katika karakana ya seremala mmoja mwenye binti kiziwi. Masika alikuwa na kitambaa cha kichwa cha satini, zawadi ya mama yake, kizuri na chenye kuteleza. Kila alipomaliza ishara, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipanda kukirudisha juu ya paji la uso. Sisi tulishamzoea, hatukuona. Watu wa Mususa waliona kila kitu. Mbuzi, gusa paji. Chungu, gusa paji. Mvua, gusa paji. Seremala mwenyewe, mwenye upara unaong'aa, aliugusa upara wake kwa adabu kubwa kila baada ya neno, akidhani ndiyo namna ya kumaliza. Binti yake alimkazia macho. Halafu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza baba kumwambia kitu zaidi ya kula na lala, naye akagusa paji lake. Kakule alishika kichwa na kusema kwamba tutarudia video zote, kitambaa hicho kichomwe. Masika alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda ya mbao. Alipopata pumzi alisema tuache hivyo hivyo, mama yake ataona kitambaa na kujua ni mwanawe. Hatukumaliza ubishi huo. Tulisema tutarudia jua likirudi, na jua liliporudi tulikuwa na ugomvi mkubwa zaidi.

Ugomvi ulikuwa juu ya swali. Masika alidai ishara ya kwa nini iwemo, na Kakule akamwonyesha kwamba haiwezekani: mchezo unaishi kwa picha, na neno kwa nini halina sura. "Weye unataka picha ya kwa nini?" alisema, nami nikitafsiri. "Mbuzi iko kitu. Nyungu iko kitu. Kwa nini hapana iko kitu, tutachora nini?" Tulijaribu. Nilichora mwanamke ametazama chungu kilichopasuka, kina mama wa kwaya wakagusa na kusema chungu. Kakule akachora mtu anakuna kichwa, wakasema chawa. Mwisho Masika alichukua kalamu akachora mwenyewe: mtoto amesimama mlangoni analia, na mbele yake mama ameinama, mkono umefunguka. Tulipowaonyesha, wote walijibu kwa sauti moja, mutoto analia. Kakule akasema si mnaona. Mimi nilikuwa ninamtazama Masika, na nilielewa kwamba hakuwa amechora kitu cha kubuni. Mlango ule ulikuwa na kizingiti kilichopasuka, na mtu habuni kizingiti kilichopasuka.

Ndipo aliponieleza tuufanye vipi. Ukurasa wa peke yake, bila kuku, bila yai. Unaona mtoto analia. Unagusa mkono wa mama. Masika anatokea na kuuliza kwa nini. Kisha zinakuja picha tatu: sufuria tupu, goti lenye damu, na watu wanaokwenda njiani, migongo tu. Unagusa yoyote na Masika anaisema kwa mkono: ninaona njaa, ninaumia, wamekwenda. Hakuna ya kukosa. Kakule alikataa kabisa. "Jeu yenye haina points, hapana iko jeu," alisema, mchezo akiuita kwa Kifaransa, "donc batu bataitupa." Masika hakubishana. Aliingiza mikono kwapani, akakaa. Kwa mtu anayesema kwa mikono hakuna kunyamaza kukubwa kuliko huko. Hakupigwa video tena, hakushona, hata mchana alikula kwa mkono mmoja na kuurudisha kwapani. Chumba kikawa na baridi. Nilijikuta ninawasikia kina mama wa kwaya bila kuwa na wa kumwambia, na nikajua jinsi nilivyokuwa ninamhitaji. Kakule alivumilia mpaka jina la Ingénieur likaanza kumchosha. Asubuhi moja aliweka simu mezani bila salamu na kuinama kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba. Ukurasa ulikuwemo, kama Masika alivyotaka. Masika alimwekea ndagala wake wote kwenye sahani.

Masika alikwenda Kamango nyuma ya pikipiki, asubuhi yenye ukungu, simu ameifunga katika kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mtu. Hakujua kuandika sana, kwa hiyo tulikubaliana neno moja. Mama akiuliza, angenitumia: ndiyo. Asipouliza, asitume kitu, nami nisimhurumie. Nilisimama kwenye mlango wa kile chumba nikampungia. Akanigeukia, akabonyeza shavu lake, kisha vidole viwili kwenye kitambaa kinachoteleza, na pikipiki ikaondoka. Mwaka wangu uliishia hapo, ingawa kalenda ilikuwa bado na kurasa.

Yaliyofuata mtu wa Beni hahitaji kuelezwa. Risasi zilisogea, barabara ya Kamango ikafungwa, watu wakapita na magodoro kichwani, na habari zikawa kwamba wa Kamango wamevuka mpaka kuingia Uganda. Kile chumba kilirudishiwa viti vyake vibovu. Kakule alikwenda kutafuta maisha Kampala, nami nikarudi Butembo, nikaolewa, nikazaa, nikafungua duka dogo la kutengeneza simu. Mchezo uliendelea wenyewe, ukihama simu hadi simu kwa kadi za memwari, na mara nyingine mteja alinipa simu yake nikamkuta Masika ndani, kijana vile vile, akiuliza kwa nini. Nilibadilisha simu mara nyingi. Namba sikubadilisha. Mume wangu alinitania kwamba ninasubiri simu ya bwana wa kwanza, nami nikamwambia ninasubiri neno moja tu. Wakati fulani dereva wa lori alinisimulia habari za fundi cherehani kiziwi karibu na parking ya Kasindi. Nilikwenda, nikapita kati ya malori na wabadilisha fedha, na nikamkuta binti mpole kabisa ambaye hakuwa yeye. Nilinunua kwake mto ambao sikuuhitaji. Jambo lililonikera si kwamba Masika ameniacha, maana vita havina adabu. Ni kwamba sikujua kama aliulizwa. Nilimtamani yeye na nilitamani lile jibu, na sikuweza tena kutenganisha vitu hivyo viwili.

Kwenye kilio huko Mususa walikuwa wametandika turubai uani. Wanaume walikaa kwenye mabenchi upande wa barabara, kina mama ndani kwenye mikeka, na harufu ya maharagi ya watu wengi ilikuwa imejaa nyumba nzima. Niliwatambua wawili watatu wa ile kwaya ya Beni, wamezeeka, wakiimba wimbo ule ule na safari hii bila umbeya. Nikaonyeshwa mama wa marehemu. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mdogo wa mwili, ameegemea ukuta, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia hata mtu aliyekaa naye ilibidi amwekee sikio mdomoni. Nilipiga magoti nikajitayarisha kusema jina langu, na nani alinipasha habari, na pole. Hakunipa nafasi. Alinitazama usoni, akainua kidole, akabonyeza shavu lake. Kisha vidole viwili vya mkono wa kushoto vikapanda na kugusa kitambaa cha kichwa, kitambaa cheusi cha pamba kilichofungwa imara na kisichoteleza popote.

Aliushika mkono wangu akanivuta karibu, na kwa ile sauti iliyobaki akanieleza kwamba kadi ya simu ilipotelea Uganda na namba yangu ikaenda nayo, kwamba Masika alinitafuta, kwamba alinitaja mpaka yeye mama akanijua kuliko wakwe zake. Halafu akanieleza kile nilichokuwa ninakingojea miaka yote hiyo. Walipokuwa katika kambi ya wakimbizi hakukuwa na shamba, hakukuwa na kazi, kulikuwa na ile simu tu. Aliucheza mchezo mpaka mayai yakamchosha, akafika kwenye ukurasa usio na kuku. "Nilijua ile mulango," alisema. "Ni mulango yetu ya Kamango. Nikajua ile mutoto iko nani. Donc nikamuuliza na mikono, juu ya nini ulikuwaka unalia pale kila asubuhi?" Akapangusa macho kwa kiganja. "Akanionyesha batu banaenda, migongo. Siye tulikuwaka tunaenda ku shamba, hapana kumuambia kama tutarudi. Kila siku alifikiri tumemuacha." Masika alimjibu, kisha akacheka, akamwambia mama amechelewa kidogo lakini ameuliza vizuri. Tangu siku hiyo, alisema mama, walikuwa wanagombana kama watu wote.

Mtu alituletea sahani ya bugali na maharagi, ikakaa kati yetu. Nilikuwa ninalia kwa namna ambayo sikulia jikoni, pua na kila kitu, na kina mama wasionijua walinitazama wakijiuliza nimekuwa nani kwa marehemu. Mama Masika aliisogeza sahani pembeni. Sauti ilikuwa imemwishia kabisa. Aliinama mbele yangu, akafungua mkono wake kama yule mama wa kwenye picha, akaniuliza kwa ishara: kwa nini unalia? Akagusa kitambaa. Nami nikainua mkono wa kushoto, ambao kwangu si mkono wa kazi, nikamjibu: amekwenda. Na vidole vyangu viwili vikapanda vyenyewe mpaka kwenye paji la uso.